Kwako Mama: Habari za Nukta Zako

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho, na bado hatujazoea meza ya chakula isiyo na kompyuta yako.

Ulikuwa ukifunga mapazia mchana kweupe ili uzione vizuri picha za anga. Baba akipita na sahani hujigonga kwenye kiti na kunung'unika. "Nivumilie, mume wangu," unamwambia, "nukta hizi zimefifia mno." Hizo zilikuwa kwasari zako: nuru ya gesi inayowaka kabla ya kumezwa na mashimo meusi makubwa, mbali hadi akili inachoka.

Tulipokuuliza unatafuta nini hasa, ulicheka. "Mashimo hayo yalinenepa yakiwa bado machanga. Nataka kujua yalikula nini!" Wenzako walikimbilia zile zinazong'aa. Wewe uling'ang'ania zilizofifia, ukisema ndizo nyingi, ndizo zitakazoeleza jinsi zote zilivyokua. Kazini wakakubandika jina, Mama Hafifu, nawe ukaliitikia.

Hukujua kukaripia. Mwanafunzi wako alipovuruga hesabu za mwezi mzima, ulimchemshia chai, mkaanza upya.

Uliomba muda kwenye darubini kubwa ili uhakikishe kama nukta zako ni kwasari kweli, ukanyimwa, ukaomba tena. Ulipokubaliwa, ulikuwa kitandani hospitalini. "Majibu yakija mniambie," ulimwagiza dada yetu mkubwa, "hata yakiwa mabaya. Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Majibu yamekuja, Mama.

Mwanafunzi wako alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Dada akamwambia, "Sema tu, mdogo wangu." Akasema. Karibu nukta zako zote ni nyota za kawaida, nyekundu, za humu humu kwenye galaksi yetu. Moja tu bado haijulikani ni nini, wala hakuna wa kuichunguza. Mradi umefungwa. Yeye amepata kazi benki, na alituomba radhi kana kwamba ametuibia.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anatazama nini miaka yote ile?"

Tulitamani tukuletee habari nyingine. Uliomba ukweli, na huu ndio tulio nao.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako mkubwa, wanao pacha, mdogo wako wa kike, wakwe zako na mjukuu uliyemwacha tumboni.

Kukusahau hatuwezi, Mama.