Siku ya Kwanza ya Babu Yakobo

Baba,

Hapo ulipolala, mupashe habari babu Yakobo, baba yako: hakukosea siku. Ushahidi uko. Na aliyeupata ni mutoto wangu, Baba! Furaha, yule uliyekuwa unamubeba mabegani. Mimi niliishia shule ya primeri hapa Kasongo, lakini tumbo langu limesoma.

Unakumbuka vile walikuwa wanamucheka babu. Anaalika watu: "Mukuje siku ya kwanza tule kuku." Hapa kwetu siku ya kwanza ni ile ya kuanza kazi, lundi, Jumatatu. Basi watu wanakuja lundi, wanakuta mifupa. Kwake siku ya kwanza ilikuwa siku ya Mungu, ile ya kusali, kabla ya lundi. Wakamuita Muzee Siku-Imemupotea. Hata wewe, ukipita sokoni: "Ee, mwana wa Siku-Imemupotea, leo ni siku gani?" Ulikuwa unacheka nao. Lakini ulipougua uliniambia, "Mama Furaha, baba yangu hakuwa mujinga. Sijui tu vya kueleza." Neno hilo lilinibakia hapa kifuani.

Sasa sikia. Furaha anasoma Uvira. Huko alienda kusali na Marafiki, wale Wakristo wasioapa, wanaokaa kimya wakingojea Mungu. Mama muzee mumoja akamwambia kwamba wamisionari wao wa zamani, watu wa Amerika, hawakuita siku kwa majina. Walizihesabu tu, na siku ya Mungu ndiyo ilikuwa ya kwanza. Mutoto wa mwingine angeitikia tu aende zake. Wangu akaruka! Akauliza, akaandika, mpaka wajukuu wa familia moja ya wamisionari hao, walio kule Amerika, wakamutumia foto za kitabu cha nyumbani kwao, kile wanachoandikamo kuzaliwa, kuoa na kufa kwa watu wao tangu mababu.

Baba. Babu yumo mule.

Yuko katikati ya watoto wao. "Yakobo, yatima, ameingia nyumbani siku ya kwanza." Furaha alinisomea, anatafsiri polepole. Waliandika siku jino lake lilipong'oka. Waliandika kwamba alikataa viatu. Waliandika hata siku aliyoondoka kuja huku Maniema.

Nilishika telefone yenye zile foto kwa mikono miwili. Jino la babu yangu, Baba, limetunzwa ng'ambo ya bahari na watu wasiotujua! Na sisi hapa tulikuwa tunatunza jina la kumucheka.

Nikazunguka nayo soko lote, unanijua. Yule muuza mafuta ya mawese, aliyekuwa anakucheka kuliko wote, nikamuonyesha, nikamueleza vile Furaha alinisomea. Akasema: "Kumbe sisi ndio tuliochelewa kuku."

Pumzika sasa, Baba, wewe na yeye. Mimi na Furaha tutakuja kung'oa majani kaburini, na jina la babu sitaacha lichekwe tena. Kisha tutapika kuku. Nimealika soko zima kwa siku ya kwanza, na hakuna hata mumoja aliyeniuliza ni siku gani.

Mutoto wako,
Mama Furaha