Trekta ya Moseley na Theluji Chepechepe

Mumbua mjukuu wangu,

Salamu zako zimenifikia hapa Birmingham, na sisi tu wazima. Mjomba wako amehamia mtaa wa Ladywood. Goti langu linalalamika, lakini kanisani bado naenda kwa miguu.

Unauliza kama uitupe hiyo trekta kuukuu ya bustani huko Kanada, kwa sababu kirusha theluji chake kinaziba kila mara. Ngoja kwanza.

Nikiwa msichana nilihudumia wazee katika nyumba moja mtaa wa Moseley, hapa hapa Birmingham. Asubuhi moja theluji chepechepe ilifunga njia yetu ya kupandia hadi mlangoni, na Mzee Frank alikuwa anangojewa hospitalini kusafishwa damu. Ambulensi ilikwama chini barabarani. Desmond, mtunza bustani, akawasha trekta yetu iliyofungwa kirusha theluji kama chako, lakini theluji ikaziba bomba la kuirushia.

"Dada, hii imekufa," akasema.

"Haijafa. Izime tuitazame."

Injini ilipozimwa tukachungulia. Kati ya mapanga yanayorusha theluji na kasha lake palikuwa na upenyo wa kuingiza kidole, na theluji ilikuwa ikiponyokea hapo na kushindilika badala ya kurushwa. Tukakata vipande vya tairi kuukuu, tukavifunga kwa bolti kwenye ncha za mapanga. Vidole vyangu viliganda, lakini sikuacha. Alipowasha tena, theluji ikaruka ng'ambo ya ua, njia ikafunguka, na ambulensi ikapanda.

Mzee Frank akipitishwa kwenye machela aliwaambia waliombeba wasimame, akaipigia trekta saluti.

Tangu hapo siamini haraka nikiambiwa kitu kimekufa. Zima injini, mjukuu wangu, kisha uchungulie.

Mungu akukinge na hiyo baridi.

Nyanya yako,
Kavata