Hadithi Yangu Imetolewa

Mpendwa Mama Lucia,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikinikuta hivi nilivyo nitahama Makambako na mashine yangu ya kufumia masweta kichwani.

Mimi ni kijana wa hapa Makambako, nafuma masweta ya shule na jioni naandika hadithi, niko kwenye kikundi cha waandishi wa mkoa wetu kinachoitwa Wino wa Baridi, kila mwezi tunakutana Njombe kwenye mgahawa wa karibu na stendi, tunakunywa chai na makoti yetu mwilini, kila mtu anasoma alichoandika, halafu kwenye simu tuna kundi letu la kupeana habari, nani kapata tuzo, nani kaitwa redioni, na mimi miaka yote kazi yangu ilikuwa kuwapongeza wenzangu tu.

Sasa gazeti lenu hili hili likatangaza shindano la hadithi fupi, nikatuma ya kwangu inayoitwa "Maua ya Kitulo", nikapita mchujo wa kwanza, kikundi kizima kikawa kinaniombea, halafu ukaja ujumbe kwamba mchujo wa pili sikupita. Niliumia, Mama, hata uzi kwenye sindano ulikataa kuingia. Nikawaandikia wenzangu hivi: "Ndugu wanachama, hadithi yangu imetolewa. Asanteni kwa maombi yenu." Nilimaanisha imetolewa kama timu inavyotolewa kwenye kombe. Wao wakaelewa imetolewa gazetini!

Kabla sijaweka simu chini, mwenyekiti wetu Mwalimu Hulda kaandika HONGERA kwa herufi kubwa, Nahumu wa Mlangali kasema Ludewa nzima inajivunia, na mimi wala si mtu wa Ludewa, Devotha wa Makete katuma sauti ya vigelegele mpaka spika ikakoroma. Nikaandika "hapana jamani", nikafuta, nikaandika tena, nikafuta tena, maana tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa vigelegele.

Ningeinyoosha habari hiyo siku ile ile, lakini kuna mchumba wangu Fidelia, anauza kwenye duka la pembejeo hapa mjini, na baba yake ni Mzee Ebeneza, mkulima wa parachichi na mzee wa kanisa, ambaye alishanikataa wazi wazi kwamba binti yake haolewi na mtu anayeshinda akiandika mambo ambayo hayajatokea. Mwalimu Hulda anasali naye, akampa habari, na juzi Mzee kaniona sokoni kanisalimia kwa sauti mbele za watu, "Kamwene, mwandishi!", kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kasema Jumamosi niende na mshenga, posa ataipokea, ila niende na hilo gazeti lenye hadithi yangu alisome mwenyewe kwanza. Mama Lucia, mzee wa watu kasafiri mpaka Njombe mjini kupimwa macho, ana miwani mpya kwa ajili ya hadithi yangu!

Sijamdanganya mtu. Kila anayenipongeza namjibu "tumshukuru Mungu", na hilo si uongo, au ni uongo? Nimefikiria kusema gazeti lililowa na mvua. Kuna pia jamaa mmoja wa steshenari anasema anaweza kunitengenezea ukurasa unaofanana kabisa na wenu. Unanishauri lipi? Usinipigie simu, Fidelia anaishika sana simu yangu. Nijibu gazetini, toleo la Ijumaa, na jina langu usilitaje.

Ni mimi,
Mwandishi Niliyebanwa, Makambako

*

MAMA LUCIA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kukataliwa kunauma, wala usione haya kuumia. Nimecheka barua yako mpaka wenzangu wa dawati la michezo wakaja kuuliza kuna nini, kisha nikafika kwenye steshenari, kicheko kikakatika. Yaani unataka kughushi gazeti letu, halafu unatuandikia sisi tukushauri? Una akili timamu wewe? Huyo jamaa ukimwona, vuka barabara.

Na hiyo "tumshukuru Mungu" usiniletee mimi. Ni uongo, umeuvalisha nguo za Jumapili tu. Ulijua watu wanafikiri nini, ukawaacha wafikiri, kwa sababu vigelegele vilikuwa vitamu. Nakuelewa, hata mimi ningevirudia kuvisikiliza. Lakini Mzee Ebeneza alikukataa kwa kuandika mambo ambayo hayajatokea, na wewe unataka kumpelekea jambo ambalo halijatokea siku ya posa! Mtu mzima amepanda gari kwenda kupimwa macho ili akusome wewe. Mkwe wa namna hiyo unamchezea?

Nilikwenda kwa mhariri wa hadithi nikaiomba "Maua ya Kitulo". Nimeisoma. Mwanangu, ilistahili kutolewa. Kijana anatembea kwenye maua, anayasifia, anarudi nyumbani. Hana shida hata moja! Nilisinzia humo humo mauani. Barua yako nimeisoma nimesimama, chai ikapoa mezani. Nikampa mhariri naye akaisoma, akauliza kwa nini hukututumia hii.

Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba. Ila umenitajia Fidelia, duka la pembejeo, Mzee Ebeneza na parachichi zake, Mwalimu Hulda na masweta, na ukaomba mwenyewe nikujibu gazetini. Makambako ina wafuma masweta wangapi wanaomchumbia Fidelia? Kwa hiyo habari ya kusubiri Jumamosi imekwisha. Zima mashine sasa hivi, nenda dukani, umwambie Fidelia kwa mdomo wako kabla mteja wa mbolea hajamsomea. Akinuna, mwache anune. Asikusikie ukimshukuru Mungu.

Ukitoka hapo waandikie Wino wa Baridi, na safari hii chagua neno lisilo na maana mbili: imeshindwa. Mwombe Mwalimu Hulda radhi kipekee, maana ndiye uliyemwacha apeleke habari isiyo ya kweli kwa mzee wa kanisa. Nahumu na Devotha watakutania mpaka mwakani, utavumilia.

Jumamosi nenda na mshenga kama ulivyoitwa, na uvae sweta ulilofuma mwenyewe. Mzee anaweza kukufukuza, na akikufukuza ana haki yake. Ila alikwambia uende na gazeti lenye hadithi yako, basi usiende mikono mitupu. Nunua hili, mfungulie ukurasa huu, mwambie kila kilichoandikwa hapa kimetokea. Kisha kaa kimya mpaka avue miwani.

Hadithi yako imetolewa.