Kitabu Chenye Nyota Kwenye Jalada

Mwanajuma, wewe mwanamke una roho gani? Miezi mitano tangu tukuzike, na hujanijia hata mara moja. Mumeo Athumani anasema umemtokea ndotoni mara mbili, ukamgombeza kwa kusahau dawa. Hata Fundi Shee, huyu mshona nguo ninayemwandikisha barua hii, alikuota unaulizia kanga uliyomwachia aipinde. Na mimi Dahabo, mimi uliyekuwa ukiniita abaayo, dada, kwa lugha yangu mwenyewe, mimi nilale tu kama gogo? Nimekasirika, na wewe ujue.

Fundi anasema maiti haandikiwi barua, anaombewa dua. Nimemwambia dua napeleka kila swala, hizi ni habari nyingine, andika. Ameukunja uso lakini anaandika, kwa herufi zake za Kiarabu, maana za Kizungu hazijui.

Ninaogopa, Mwanajuma. Nakwambia wewe kwa sababu hapa wakinisikia watalia wote, na nani atawanyamazisha?

Bado tumefungiwa kijijini na serikali. Seng'enge ni ile ile, lango linafunguliwa jua likishapanda na kufungwa alasiri, eti tusiwapelekee shifta, wale waasi wa porini, maziwa. Maziwa gani? Ngamia wangu wamebaki wawili, na ukiwatazama kwa mbali utadhani ni vigingi vinatembea. Maji tunayapangia foleni asubuhi nzima. Humo kwenye foleni ndimo ninamosimulia vitabu vyako, vile memsahibu wako alivyokuachia siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Vitabu vya mambo yasiyokuwako. Ulikuwa ukisoma Kizungu kwa macho, Kiswahili kinatoka mdomoni, nami nasuka mkeka. Halafu kwa kuwa sijui herufi ukanifungia kila kimoja uzi wa rangi yake, nisivichanganye.

Wanawake sasa wananiuliza kama wanavyomuuliza mganga. Nami natoa kwa kupima. Aliyepoteza mifugo namsimulia cha uzi mwekundu, msichana kiziwi anayekwenda kuiba mvua iliyofungiwa gudulini na malkia. Kwa sababu hasikii vitisho, anafika. Aliyechukuliwa mume namsimulia cha uzi wa kijani, ile mashine iliyomtunza mzee mpaka ikajifunza kulia. Binti yangu Sahra alikisikia mara tatu, kila mara anasema ni upuuzi, chuma hakilii, na kila mara anajipangusa pua kwa shuka. Kile cha joka simpi mtu. Joka linaongea, linaongea, halifanyi kitu. Mchumba wa namna hiyo tungemrudisha kwao siku hiyo hiyo.

Na kile cha uzi mweupe nimewapa wote, foleni nzima. Wale watu ambao visima vya dunia yao vilikufa, wakapanda chombo kikubwa kama mji, wakahamia kwenye nyota. Safari ndefu hata wanaozaliwa humo ndani hawaamini kwamba kuna kitu kinaitwa udongo. Wanawake wetu walikielewa kuliko vyote. Mmoja alisema, "Hao ni wahamaji kama sisi, ila wao hawakufungiwa lango." Tukacheka. Ee Mola, tulicheka kwa sauti.

Jana askari waliingia kupekua. Walipindua mikeka, wakamwaga unga, wakafungua sanduku lako la bati nililolificha chini ya ngozi za mbuzi. Wakakitoa hicho cha uzi mweupe. Mwanajuma, miaka yote nimekishika kile kitabu! Jalada buluu, katikati nyota moja nyeupe. Mimi na wewe tuliona nyota tu. Afande akakinyanyua juu, watu wote wakaona bendera ya ng'ambo ya mpaka, ya hao wanaowapa shifta bunduki.

Akaniuliza, "Nyanya, hii nyota ni ya nani?"

Nikamjibu, "Nyota zote ni za Mungu."

"Usinichezee. Hiki kitabu ni cha nani?"

Hapo nikainama kuzoa unga uliomwagika. Kila mtu alikuwa ananitazama, na mumeo amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na ule mkono wake usiopanda tena. Unakumbuka walivyomchukua kwa kusikiliza redio ya ng'ambo, akarudi siku ya nane hawezi kujifunga kikoi? Afande alikichukua kitabu. Ameniambia nifike kwake kesho adhuhuri, nieleze ni cha nani na kinasema nini. Anaye karani anayesoma Kizungu, atakaa pale anakifuata ukurasa kwa ukurasa.

Sahra amenishika miguu. "Hooyo, mama yangu, sema ni cha marehemu. Si uongo! Yeye hawamfanyi kitu sasa." Hata Fundi Shee amesema hivyo, muulize. Ni kweli, wewe hawakufanyi kitu. Lakini nikisema Mwanajuma watauliza Mwanajuma mke wa nani. Na Athumani safari hii harudi.

Kwa hiyo nitasema ni changu. Watacheka, bibi asiyejua alifu ana kitabu cha Kizungu. Wacheke. Nitawaambia nakijua kichwani, nitakaa chini nikisimulie kuanzia kisima cha kwanza kilipokauka, karani apekue akinisahihisha. Wataona ni hadithi tu, ya watu wasiokuwako.

Lakini tangu jana najisimulia mwenyewe kimoyomoyo, na kila nikifika mahali pamoja nakwama. Watu wanaoiacha nchi yao na kwenda kwenye nyota! Afande atasikia hivyo tu. Ataniuliza, je, walifika? Nami sijui. Hatukufika mwisho, abaayo. Homa ilikushika kurasa chache zimebaki, ukasema, "Kesho tutamaliza," na kesho tukakuosha. Kama waligeuka wakarudi nyumbani, labda nitarudi na mimi. Kama walifika, sijui nitalisemaje hilo mbele ya bunduki. Fundi anasema nibuni mwisho. Nibuni, na karani ana kitabu mkononi?

Mikono yangu ni baridi, na jua liko juu.

Haya. Mungu akupanulie kaburi, akuwekee ubaridi ndani yake. Nakuahidi, jina lako halitatoka mdomoni mwangu kesho, wanifanye watakavyo, na Athumani nitamtazama kama kaka yangu maadamu nina pumzi. Uji wake Sahra ameshajua kuupika.

Sasa nisikilize. Kesho nikishaswali alfajiri nitajilaza kidogo kabla ya foleni. Njoo saa hiyo. Usinianze na zile salamu zenu ndefu za huko kwenu mtoni, za mto umejaaje na migomba inaendeleaje, muda hatuna. Kaa kwenye mkeka, anza pale ulipoachia, unisomee mpaka neno la mwisho. Na kama walifika, usiruke hapo kwa kunihurumia. Niambie walifika.