Simu Aliyopigiwa Mzee Mwaura

Abby uko? Nimejifungia kwa stoo ya unga.

Unakumbuka ile barua Mzee Mwaura alinisainia, kusema nimekuwa mwokaji hapa bakery yake miaka sita? Ile nilituma na maombi ya kuhama. Tuliweka namba yake ndio watu wa uhamiaji wampigie wakitaka kuhakikisha.

Wamempigia asubuhi.

AMEKATAA KUWA ANANIJUA.

Nimeingia tu kazini akaniita mbele ya watu wote, anacheka. "Anyango, leo nimekuokoa! Kuna konmani amenipigia na namba ya nje, anauliza mshahara wako na kazi unafanya. Nikamwambia sina mfanyakazi kama huyo, nikakata kabla hata hajajitambulisha."

Na mimi mjinga nikasema asante!! Wenzangu wanapiga makofi, mimi nasema asante.

Nikajiambia sawa, ni mzee, makonmani walishamla pesa mwaka jana, labda ameogopa tu. Wacha nimwombe awapigie aeleze.

Nimemfuata ofisini. Hata sijafungua mdomo, ananimiminia chai. Mzee Mwaura, Abby! Huyu hajawahi kumpa mtu hata maji.

Akaniambia polepole, "Wewe kaa tu hapa Free Area. Canada kuna baridi mbaya, msichana wangu."

Abby.

Mimi sikuwahi kumwambia ni Canada. Barua yenyewe haikutaja nchi.

Sasa huyo konmani ambaye hakujitambulisha alimwambia saa ngapi?