Kurasa Kumi na Sita Huko Chini

Jumatatu, 8 Desemba

Miezi kumi na wiki tatu leo sijakanyaga ardhi. Ghorofa ya nne. Lifti imebandikwa karatasi: IKO KWENYE MATENGENEZO. Nasikia karatasi yenyewe imechanika, nayo inahitaji matengenezo.

Binti yangu kanifungia tena kwa nje. Saa kumi na mbili na nusu. Kacha! Kacha! Mizunguko miwili ya ufunguo, kisha viatu vyake ngazini, haraka haraka, kwenda kiwandani kushona kola za mashati. Namwita Bwana Jela. Zamani alikuwa anacheka.

Ana haki yake, sikatai. Januari niliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Februari nikajitia ujana — nikatoroka na magongo yangu mawili nikaone watu. Nilifika ghorofa ya kwanza. Zimebaki ngazi kumi na sita tu niguse barabara! Nikaanguka. Jengo zima liko kazini. Nililala pale tangu saa nne mpaka yeye aliporudi saa kumi. Nilimsalimia, nikamwambia nimepumzika kidogo. Alikaa chini pembeni yangu na mkoba wake begani, akalia kama mtoto. Kesho yake akanunua kitasa kipya.

Saa nne, sauti kutoka barabarani: “Babu wa Hewani! Teremsha kikapu!”

Ni Bibi Vitabu. Mjane wa makamo, ulimi kama wembe, anatandaza vitabu vya mitumba chini ya roshani yetu. Mpango wetu ni huu: yeye anatia kikapuni vitabu vilivyochanika, mimi navipandisha kwa kamba ya kuanikia nguo, nashona, nagundisha, nasoma, nateremsha. Miaka thelathini na nane nilijalidi vitabu kiwandani bila kusoma hata kimoja. Nani asome, na msimamizi anakupumulia shingoni? Shule yenyewe niliishia darasa la sita. Mwaka huu nimesoma sitini na kitu! Ndivyo nilivyobaki na akili zangu, hizo chache.

Leo kasema nimwandikie vilivyonifurahisha kuliko vyote. Nikauliza haraka ya nini. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo anaondoka. Anahamia kwa dada yake, mji mwingine kabisa, magoti hayataki tena kukaa barabarani.

Nikamwambia vizuri, nitapata usingizi sasa bila kelele zake.

Sikula mchana.

Jumanne, 9 Desemba

Haya, orodha.

Cha kwanza: cha mfungwa aliyechimba ukuta kwa kijiko. Kilikuja Machi, mgongo umekatika. Nilikishona siku moja, nikakisoma siku tisa, maana sikutaka amalize kuchimba kabla yangu. Miaka kumi na moja anachimba! Mwishowe anatokea wapi? Jikoni kwa mkuu wa gereza. Mke wa mkuu anamtazama, anamwambia rudisha hicho kijiko, tumekitafuta sana.

Nilicheka mpaka nyonga ikaniuma. Halafu nikavihesabu vyangu. Na mimi nina vijiko sita humu ndani.

Alhamisi, 11 Desemba

Cha pili: mwongozo wa wakunga, una michoro. Nilikisoma chote, jalada hadi jalada. Mtu akijifungua ghorofa hii, nipo tayari. Nilimwelezea Bwana Jela wakati wa chakula jinsi mtoto anavyogeuka tumboni. Akaweka kijiko chini. “Baba, tunakula!”

Nikamwambia wewe hukugeuka. Ulikuja miguu mbele, ubishi tangu siku ya kwanza.

Akatabasamu kidogo. Nimeona.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua. Bibi Vitabu hakutandaza. Barabara tupu, mfereji, mbwa mmoja. Nimemtazama mbwa yule saa nzima. Hata yeye aliondoka.

Nisipoandika hiki cha tatu nitapasuka.

Kilikuja Julai. Riwaya ya mapenzi — ndiyo, mimi na mvi zangu. Mwanamke mshona mahema na mpima ardhi. Wanapendana, wanagombana kwa neno la kipuuzi, mwanamume anaondoka. Miaka tisa. Ukurasa wa mia na kumi na mbili karudi. Kasimama nje ya mlango. Mwanamke yuko ndani, anamwona kwa ufa, mkono uko kwenye komeo…

Nikafunua ukurasa wa mia na kumi na tatu: “Banda lenye kinyesi kibichi huleta minyoo. Mfugaji abadilishe maranda kila wiki.”

Kuku!

Kurasa kumi na sita za kuku. Kisha ukurasa wa mia na ishirini na tisa, mwanamke yuko peke yake, vikombe viwili mezani, kimoja hakijaguswa. Alimfungulia au hakumfungulia? Mungu wangu!

Nikatukana. Nikasema mjinga gani amejalidi hiki? Karatasi kubwa moja ukiikunja mara tatu inatoa kurasa kumi na sita, ndilo fungu, mafungu ndiyo tunayoshona. Huyu kachukua fungu la nane la kitabu cha kuku akalishona humu, namba za kurasa zikafuatana vizuri, hakuna aliyegundua. Nikakata uzi nimwone huyo fundi. Fundo la chini: mbili kushoto, moja kurudi, mkia umefichwa ndani.

Fundo langu. Hakuna mwingine aliyelifunga vile.

Nikakumbuka hata siku. Vitabu viwili mezani kwa wakati mmoja, jambo tulilokatazwa. Mlinzi wa lango akaja akasema wewe, umeitwa hospitali, mkeo amejifungua mtoto wa kike. Nikashona yaliyobaki bila kutazama, nikakimbia.

Maana yake kuna kitabu cha kuku mahali fulani, katikati yake mlango unafunguliwa. Au haufunguliwi. Tangu Julai Bibi Vitabu anakiulizia kwa wauzaji wenzake wote.

Jumapili, 14 Desemba

Bwana Jela yuko nyumbani leo. Anafua. Nikamwonyesha kile kitabu, nikamwambia kosa hili ni lako, ulichagua saa mbaya ya kuzaliwa.

Alidhani natania. Nikamwonyesha fundo. Akakaa kitandani kwangu, mikono ina povu, akasoma kwa sauti ya wapendanao: “Tetea… akianza… kunyonyoka manyoya…” Tulivunjika mbavu! Wote wawili. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake alipofariki.

Halafu akauliza, bila kuniangalia: Baba, unamchukia mtu anayekufungia?

Nikamwambia namchukia fundi wa lifti.

Akasema, “Mimi kila siku nikirudi nikikaribia ghorofa ya kwanza, nafumba macho kabla ya kukunja kona. Miezi kumi sasa. Nikifumbua nikakuta hupo, ndiyo napumua.”

Nikamwambia povu linadondokea shuka.

Jumatatu, 15 Desemba

KIMEPATIKANA!

Kapiga kelele mtaa mzima ukasikia. “Babu wa Hewani! Kuku wako nimewakamata!” Anainua kitabu chekundu kidogo, anakipunga hewani kama mwamuzi na kadi yake. Nikateremsha kikapu mbio, kamba ikanichuna kiganja.

Kikapu kikabaki chini. Hatii kitu. Kakunja mikono.

“Hakipandi hiki.”

Nikasema mama, usinifanyie hivyo.

“Vitabu sitini na saba vimepanda. Wewe hujashuka hata mara moja. Ukikitaka, shuka. Ijumaa mpaka saa sita mchana niko hapa, baada ya hapo kinasafiri na mimi.”

Nikamwambia mlango una kufuli. Akasema aliyesoma kitabu cha kijiko asilie kufuli. Nikamwita mchawi. Akaniita mwoga.

Neno hilo limekaa chumbani na mimi tangu saa tano. Halitoki. Litatokaje na mlango umefungwa?

Tena huenda hana kitu! Huenda ni kitabu cha kuku tu, kuku mwanzo mwisho. Yule mwanamke namjua.

Jumatano, 17 Desemba

Ninafanya mazoezi. Nimefunga kwa kamba vitabu vinene vya hotuba za mikutano, sita pamoja, urefu wa ngazi moja. Hatimaye vimefaa kitu. Napanda, nashuka. Gongo kwanza (siku hizi natumia moja tu), mguu mbovu, mguu mzima. Jana mara nane. Leo kumi na tano, nimelowa jasho chapachapa.

Mara ya kumi na sita sikuweza. Mguu mzima uligoma, si ule mbovu! Ulisimama juu ya hotuba ukakataa kushuka. Niliona ile sakafu ya ghorofa ya kwanza, ufa wake, sisimizi wake. Nikarudi kitandani.

Bwana Jela karudi amechelewa. Nilimwona kutoka roshani: kasimama kwa Bibi Vitabu, wanaongea, wanatazama juu. Nikajificha. Kaja na mpira mpya wa kuvisha chini ya gongo, ule wa zamani ulikuwa umelika. Nadhani majirani wa chini wamelalamika ninavyogonga sakafu. Aliuvisha mwenyewe, akaujaribu kwa kusukuma, akaujaribu tena.

Ijumaa, 19 Desemba

Naandika nimekaa ngazini. Penseli ilikuwa sikioni, daftari ndani ya shati. Niandike kwa mpangilio, nitulie.

Saa kumi na mbili na nusu: kacha, kacha, viatu. Nikangoja.

Saa tatu nikatoa vifaa vyangu vya kazi — msharasi wa kutobolea karatasi na nyundo ndogo. Mlango ni jalada tu, na bawaba ndizo mgongo wake. Mgongo ukiachia, jalada linatoka. Pini ya juu ilitoka kwa mapigo manne. Ya kati ilikuwa na kutu, nikaitia mafuta ya kupikia. Ya chini nililala ubavu kuitoa, nyonga inaniita majina yote. Saa nzima na nusu! Mlango ukainama, ukanilalia begani, nikaudaka kwa kitasa nisife kifo cha kijinga.

Kitasa kikashuka.

Mlango ukafunguka. Upande wa kufuli! Haukuwa umefungwa.

Nilisimama na mlango mzima mikononi kama mtu aliyekabidhiwa mgonjwa. Kacha ya kwanza alifunga. Kacha ya pili… alifungua. Leo tu? Au tangu Jumapili? Au tangu lini? Miezi kumi sijawahi kukishika kitasa kile, nasikiliza tu ufunguo.

Niliuegemeza ukutani. Nikashuka.

Ya nne hadi ya tatu: ngazi kumi na sita, nilizihesabu kama kurasa. Ya tatu hadi ya pili: nilipumzika mara mbili. Ile karatasi ya lifti nimeiona kwa macho yangu, kweli ni chakavu. Ya pili hadi ya kwanza sikumbuki vizuri. Nilikuwa namtukana Bibi Vitabu kwa kila pumzi.

Sasa niko hapa. Ghorofa ya kwanza. Ufa uleule. Nimekaa palepale, mguu mzima umegoma kama juzi. Zimebaki ngazi kumi na sita. Mwanga wa barabara unafika mpaka ya tano kutoka chini. Saa ya mkononi inasema saa tano na dakika arobaini.

Nasikia sauti mlangoni pa jengo. Ile ya wembe naijua. Ya pili —

Ya pili ilitakiwa iwe kiwandani inashona kola.

Inasema: “Nimesikia gongo, halafu limenyamaza. Napanda.”

Bibi Vitabu anamwambia keti, mwanangu. Hukuacha kazi yako uje umbebe. Akiita, tutapanda wote.

Kisha binti yangu, polepole: “Nimefumba macho, mama. Niambie wewe akitokea.”

Nikiita watakuja. Watanishika huku na huku, watanirudisha juu kwa upendo wote, mlango utatiwa pini zake. Nisipoita, huyu mtoto amefumba macho huko chini, na sijui anaweza kufumba mpaka lini.

Gongo liko mkono wa kulia. Mpira mpya haujateleza hata mara moja, nikiri. Gongo kwanza. Mguu mbovu. Ule mzima utafuata, utake usitake.

Nimekohoa kidogo, wajue nipo.

Daftari linarudi ndani ya shati, nasimama, nahesabu. Kumi na