Mwaka Huu Walianza na Sisi

Keumbu, Jumamosi usiku, 1954

Nampenda mno, ndiyo maana hasira hii haina pa kwenda.

Klabu ya Nairobi, ile inayowapa wachezaji kazi na mshahara, leo ilikuja Kisii kuchagua vijana wa vyuo. Mosoti wangu hachezi siku ya Sabato mpaka jua lizame. Wala hakuhangaika. "Kemunto, chuo chetu ni kidogo. Kila mwaka wanatuita mwisho, giza likiingia."

Basi tulitoka kanisani tukaenda polepole, viatu vyake vya mpira nimevibeba mimi kwenye kikapu, nikijiona nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote Gusii.

Jua lilipozama tukaingia uwanjani. Mbuzi walikuwa wakila nyasi golini.

Ondieki, kipa wa chuo chao, alikuwa akitungoja. "Bwana harusi, mwaka huu walianza na sisi. Saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza. Yule Mzungu wa klabu aliuliza mara mbili, namba tisa wenu yuko wapi?"

"Angalau aliuliza," Mosoti akasema, akacheka vibaya.

Januari anaanza kufundisha, na klabu huchukua wanafunzi tu. Sasa amelala ameelekea ukutani, na mimi...

Sabato ijayo mzee wa kanisa atamsimamisha amsifu mbele ya watu wote, nami nitalazimika kutabasamu.